Paleo kwa wenye magonjwa ya kinga: mwongozo wa kuanzia sokoni kwetu

Asubuhi moja, mwaka ule nilioanza kuugua, nilikaa juu ya mbuzi nikune nazi nikashindwa kuishika. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na kila nilipokandamiza nazi kwenye meno ya mbuzi maumivu yalipanda mpaka kiwikoni. Binti yangu akanipokea bila kusema neno. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ni baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe na kumla maungio, na dawa nilikuwa nimeanza. Zilinisaidia. Lakini asubuhi zangu zilibaki nzito, ndipo nikaanza kuulizia habari za chakula.

Mwongozo huu ni kwa aliye pale nilipokuwa: ugonjwa umeshapewa jina, dawa zimeshaanza, na anataka kujua kama sahani yake inaweza kumwongezea nafuu. Awe na baridi yabisi, lupasi inayoshambulia viungo vingi vya mwili, soriasisi ya ngozi, Hashimoto ya tezi, ugonjwa wa utumbo kama Crohn, au jamaa zao. Kama dalili zako hazijapimwa bado, kapime kwanza, chakula kitakungoja.

Paleo ni nini hasa

Wazo la kula kama watu wa enzi za mawe lilishika kasi mwaka 1985, pale S. Boyd Eaton na Melvin Konner wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walipoandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba miili yetu bado ni ya wawindaji na wachumaji, ila vyakula vyetu vimebadilika. Mlaji wa paleo hula nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, korosho na jamii zake. Huacha nafaka, jamii ya kunde, maziwa, sukari na vyakula vya kiwandani.

Baadaye wagonjwa wa kinga wakapata toleo kali zaidi, linalojulikana kwa herufi AIP (Autoimmune Protocol, yaani mpango wa magonjwa ya kinga). Humo yanatoka pia mayai, korosho na lozi, mbegu za aina zote, kahawa, kakao, pombe, na ukoo mzima wa nyanya. Halafu, baada ya muda, vinarudishwa kimoja kimoja ukijiangalia. Hilo la kurudisha ndilo watu wengi husahau, na kwangu mimi ndilo lenye thamani kuliko mengine yote.

Hoja ya mababu siiegemei. Hadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao mpaka leo wamo wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, hula mizizi, ubuyu, matunda pori, nyama na asali kwa wingi. Katika pango la Ngalue, mkoa wa Niassa, Msumbiji, watafiti walikuta chembe za wanga wa mtama kwenye zana za mawe za miaka ipatayo 100,000 iliyopita. Walitangaza hayo 2009. Na mihogo, ambayo paleo inairuhusu, ilitoka Amerika karne chache tu zilizopita, sawa na mahindi ambayo paleo inayakataza. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba ugali ni sumu kwa kuwa watu wa kale hawakuula. Swali ni moja tu: mwili wako wewe, wenye ugonjwa huu, unakipokeaje chakula hiki?

Kwamba chakula kinaweza kuchochea ugonjwa wa kinga si hadithi. Mfano ulio wazi ni seliaki, ambapo gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, huifanya kinga iushambulie utumbo mwembamba. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu mapema. Katika njaa ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, aliona wagonjwa wake wakipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Seliaki hutibiwa kwa kuacha gluteni maisha yote. Magonjwa mengine hayako hivyo. Mwaka 2017, huko Marekani, wagonjwa 15 wa Crohn na wa vidonda vya utumbo mpana walifuata AIP, na 11 kati yao walifikia hali ya dalili kutulia ndani ya wiki 6. Ni habari njema, lakini ni watu 15, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Mwaka 2019 wanawake 17 wenye Hashimoto walifuata mpango huohuo kwa wiki 10: walijisikia vizuri zaidi na maisha yao yakawa mepesi, ila vipimo vya tezi na vya kingamwili havikubadilika kwa kiasi cha maana. Nafuu unayoisikia ni ya kweli, na bado ugonjwa unaweza kuwa unaendelea kimyakimya. Shika yote mawili kwa pamoja.

Hatua ya 1: Kabla hujatoa chochote sahanini

Nenda kliniki yako na dawa zako zote mkononi, hata zile za kununua mwenyewe duka la dawa, umwambie daktari unachotaka kufanya. Usimwombe ruhusa ya kuacha dawa. Mwulize maswali haya.

Je, nimepimwa seliaki? Kipimo chake cha damu hutafuta kingamwili zinazotokea mtu anapokula gluteni. Ukiacha chapati na mkate miezi miwili halafu ukaenda kupima, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa unao. Pima kwanza, acha baadaye.

Dawa zangu zinagombana na chakula gani? Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wengi wenye lupasi ambao damu yao huganda ovyo, hawezi kuamka siku moja na kuanza kula mchicha, sukuma wiki na kisamvu mlima mzima. Majani ya kijani yana vitamini K, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Atakula, lakini kwa kiasi kilekile kila siku, huku kipimo cha kuganda kwa damu kikiangaliwa upya. Anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi, aendelee kuimeza tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na akiongezewa vidonge vya kalsiamu au vya madini ya chuma, zipite saa 4 kati yake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiondoa ugali na wali bila kurekebishiwa insulini, sukari inaweza kushuka akazimia. Hili si la kubahatisha nyumbani.

Figo zangu zikoje? Lupasi hupenda figo. Figo zikiwa zimeguswa, protini nyingi ni mzigo, na potasiamu ya ndizi, mizizi na tui inaweza kupanda damuni mpaka ikausumbua moyo. Mtu huyo anahitaji mtaalamu wa lishe, hawezi kufuata mwongozo wa jumla kama huu.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, aliyekonda sana, na aliyewahi kuingia katika tabia ya kujinyima chakula hadi kujidhuru, wasianze peke yao.

Sasa nikusimulie kosa langu. Wiki ya tatu ya paleo niliamka vidole vikiwa vyepesi kuliko nilivyovizoea kwa mwaka mzima. Nikajiambia dawa yangu nimeipata sokoni. Methotreksati, kidonge changu cha mara moja kwa wiki, nikakiacha, na sikumwambia mtu. Baada ya wiki tano goti la kulia lilijaa maji, nikashindwa kushuka kitandani. Daktari hakunigombeza. Aliiweka eksirei ya mkono wangu kwenye mwanga akanionyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo mfupa wa kidole ulikuwa umemegeka pembeni, kama ukingo wa biskuti. Mfupa uliomeguka hivyo haurudi. Na ulimeguka katika siku ambazo nilikuwa nasikia nafuu.

Anayetumia prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama homoni ya mwili iitwayo kotisoli, ndiyo kabisa asiache ghafla, kwa sababu mwili wake umezoea kuletewa homoni hiyo kutoka nje na hauwezi kuitengeneza mara moja. Kupunguza ni kazi ya daktari, kidogo kidogo.

Hatua ya 2: Daftari, wiki mbili kabla

Nunua daftari la shule la kurasa 48. Kwa wiki mbili kula kama kawaida yako na uandike kila siku: umeamka na ukakamavu (maungio kukaza) wa dakika ngapi, maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, umelala saa ngapi, choo kikoje, umekula nini, dawa umemeza au umesahau, na kwa wanawake, siku ya hedhi. Usiandike "leo afadhali". Andika "nimefunga vifungo vya shati la mtoto mwenyewe" au "nimeshindwa kukamua shuka". Baada ya miezi mitatu hutakumbuka afadhali ya leo ilikuwaje, lakini shuka utaikumbuka.

Omba vipimo vya kuanzia pia: ESR au CRP kuangalia uvimbe mwilini, wingi wa damu, figo, ini, na tezi kwa wenye Hashimoto. Vitarudiwa baada ya miezi mitatu. Vipimo na daftari vikisema mamoja, una jibu. Vikipingana, mpelekee daktari vyote viwili.

Hatua ya 3: Kikapu

Watu hudhani paleo ni chakula cha Wazungu chenye unga wa lozi na mafuta ya bei mbaya. Mimi nimezaliwa Tanga, nakwambia kumbuka sahani ya futari: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi zilizopikwa kwa tui, samaki pembeni. Toa maharage, tambi na kaimati. Kilichobaki karibu chote kinaruhusiwa hata kwenye AIP iliyo kali. Sisi tunacho tayari, wenzetu wa mbali ndio wanaokitafuta kwenye maduka ya vyakula vya kigeni.

Vinavyotoka kwa muda ni hivi. Nafaka zote: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi. Jamii ya kunde yote: maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe, soya, na karanga, ambayo wengi hawajui kwamba ni ndugu ya maharage. Maziwa, mtindi, siagi na samli. Mayai. Korosho, lozi, ufuta, mbegu za maboga. Sukari, soda, juisi za pakiti. Kahawa na pombe.

Ukoo wa nyanya ndio unaowatesa watu, kwa sababu umejificha kila mahali. Humo mna nyanya, nyanya chungu, biringanya, viazi mviringo, pilipili hoho, pilipili kichaa, na mnavu. Ndiyo, mnavu, mboga tunayoiona ya afya kuliko zote. Kiazi kitamu hakimo. Kinafanana na kiazi mviringo kwa jina tu, ukoo wao ni mbalimbali. Pilipili manga nayo haimo katika ukoo huu, ingawa hutolewa mwanzoni pamoja na viungo vingine vya mbegu: bizari nyembamba, giligilani, iliki, haradali. Viungo vya pakiti viache vyote, maana ndani yake mara nyingi mna unga wa nafaka au pilipili.

Vinavyobaki ni vingi. Mihogo, magimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, mashelisheli, ndizi za kupika, maboga. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, sukuma wiki, kabichi, bamia, matango, karoti. Nazi kwa kila namna. Parachichi, papai, embe, nanasi, ukwaju, ndimu, ubuyu wa unga (si ule uliopakwa sukari na rangi). Tangawizi, binzari ya manjano, kitunguu saumu, mdalasini, karafuu, mchaichai. Nyama, kuku, samaki wote, pweza, ngisi.

Usiigeuze paleo kuwa mlima wa nyama. Nusu ya sahani iwe mboga, robo mizizi, robo samaki au nyama. Kwa mfuko wangu mimi, walionibeba ni dagaa na vibua. Wana mafuta ya omega-3 ambayo husaidia kupunguza uvimbe, na dagaa analiwa na mifupa yake, ndiyo kalsiamu unayoikosa ukiacha maziwa. Anayetumia prednisoloni, inayokondesha mifupa, alizingatie hili mara mbili. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito ayaache kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Mafuta ya kupikia: ya nazi, au mawese kwa mlio karibu na Kigoma. Kama kipato hakiruhusu, kijiko cha alizeti hakitaharibu zoezi lako.

Neno moja kuhusu mihogo, kwa kuwa sasa utaila sana. Iliyo michungu ina sumu ya sianidi. Isipoandaliwa vizuri, na mlo ukiwa hauna protini, huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaojulikana Kongo na Msumbiji. Nunua mihogo mitamu, menya, loweka, chemsha mpaka iive kabisa, maji mwaga. Mwenye tezi asile mihogo kila siku, na atumie chumvi yenye madini joto, kwa sababu mihogo huinyima tezi iodini. Lakini iodini kupita kiasi nayo huichokoza Hashimoto, basi asijiongezee vidonge vya mwani kwa shauri la jirani.

Hatua ya 4: Jikoni

Toa vitu kwa mafungu, usitoe vyote Jumatatu moja. Wale wagonjwa 15 wa 2017 walipewa wiki 6 za kutoa hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza toa sukari, soda na ngano. Ya pili maziwa na nafaka zilizobaki. Ya tatu kunde na karanga. Ya nne mayai, korosho na mbegu. Ya tano ukoo wa nyanya na kahawa. Kahawa ipunguze kwa vikombe, ukiikata ghafla kichwa kitakuuma siku tatu.

Kifungua kinywa ndicho kitakachokushinda usipokipanga. Chai ya maziwa, mandazi, chapati, mayai, vyote havipo. Mimi niliokolewa na mtori wa watu wa Kilimanjaro: ndizi mbichi na nyama ya mifupa, vichemke mpaka vivurugike, kitunguu na chumvi, bila nyanya wala siagi. Napika sufuria Jumapili, nagawa kwenye vibakuli, nagandisha. Siku nyingine ni kiazi kitamu cha kuchemsha, nusu parachichi na chai ya rangi ya mchaichai na tangawizi. Supu ya kongoro ni nzuri vilevile, ila ukiinunua nje uliza kwanza kama imetiwa hoho na nyanya.

Mchuzi bila nyanya unawezekana, na mabibi zetu waliujua. Chukua vibua wawili wakubwa, wapasue, wapake kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja na chumvi na ndimu. Wakae nusu saa. Wachome kwenye jiko la mkaa lenye moto wa wastani mpaka ngozi ianze kujikunja. Pembeni weka tui zito la nazi moja, nusu kijiko cha binzari ya manjano, ukwaju vijiko viwili uliokamuliwa, kitunguu kilichokatwa na chumvi. Koroga bila kuacha, tui lisikatike, mpaka lishike mgongo wa mwiko. Mwagia samaki, mrudishe kwenye mkaa dakika mbili mafuta ya nazi yaanze kutoka pembeni. Kula na mihogo au mashelisheli. Hapo hakuna atakayeuliza nyanya iko wapi. Kisamvu nacho kipike kwa nazi tupu, bila karanga, na kikishapondwa kichemshwe muda mrefu kwa sababu ileile ya mihogo.

Ukiwa unatumia dawa za kushusha kinga, usile samaki mbichi, nyama isiyoiva wala maziwa yasiyochemshwa hata baada ya kuyarudisha. Balungi nalo liulizie, kwani hupandisha damuni baadhi ya dawa kama siklosporini.

Hatua ya 5: Nyumbani na ugenini

Familia isifungwe na ugonjwa wako. Watoto wanahitaji ugali na maharage yao. Nyumbani kwangu mboga na samaki ni vya sufuria moja, wanga ndio unatofautiana: wao wali, mimi gimbi. Nyanya huingia mwisho, baada ya sahani yangu kuchotwa.

Shughulini, pilau ya mama mkwe si jambo dogo. Nilijaribu kueleza habari za gluteni na kingamwili nikaonekana najivuna. Sasa nasema, "Mama, daktari amenipa miezi mitatu, nikimaliza nitakuja kula sahani mbili." Ananifungia nyama na ndizi pembeni, mambo yamekwisha. Kwa mama lishe chagua samaki wa kuchoma, ndizi za kuchoma, kachumbari ya matango na vitunguu peke yake.

Hatua ya 6: Wiki za mwanzo

Utachoka. Choo kinaweza kuwa kigumu au chepesi kwa wiki moja au mbili. Kunywa maji, ongeza mboga pole pole, na ule mizizi ya kutosha, maana wengi wanaolalamika kwamba paleo imewamaliza nguvu wanakula kuku na saladi tu. Jipime uzito kila wiki. Ukipungua kilo zaidi ya tatu bila kukusudia, au ukapata homa, damu kwenye choo, kizunguzungu, uvimbe mpya wa uso au miguu, acha zoezi uende hospitali.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni AIP inazikataza kwa sababu huumiza ukuta wa tumbo. Ni kweli huumiza, na figo pia. Lakini kama umeandikiwa, zungumza na aliyekuandikia kabla ya kuziacha.

Dumu katika kutoa kwa siku 30 hadi 90. Ukipata nafuu ya kuonekana daftarini baada ya wiki sita, usiendelee kungoja, anza kurudisha. Siku 90 zikipita na daftari halionyeshi chochote, basi kwako chakula si chanzo kikubwa. Rudisha vyakula vyako, ubaki na mboga nyingi na sukari kidogo, uweke nguvu kwenye dawa, mazoezi mepesi na usingizi. Hujashindwa, umepata jibu.

Hatua ya 7: Kurudisha

Hapa ndipo wengi hupotea. Anapata nafuu, anaogopa, anakaa miaka anakula vyakula kumi na viwili. Kalsiamu inapungua, hamu ya kukaa na watu inapungua, na hajui kama kilichokuwa kinamuumiza ni ngano au ni sukari ya chai. Kutoa bila kurudisha ni kufunga duka lote kwa kutafuta mwizi mmoja.

Anza wakati hali imetulia, hujabadilishiwa dawa karibuni, huna mafua, na si siku za hedhi. Chagua kitu kimoja. Tuseme kiini cha yai. Asubuhi, chemsha yai mpaka liive, toa kiini, ula nusu kijiko cha chai. Subiri robo saa. Kimya? Kula kijiko kizima. Subiri saa mbili hadi tatu. Kimya? Kula kiini chote. Halafu usikile tena kwa siku 5 hadi 7, uendelee na daftari. Unatazama ukakamavu wa asubuhi, tumbo kujaa gesi, ngozi kuwasha, usingizi, uchovu, vidonda vya mdomo, soriasisi kuamka. Maungio yangu mimi hujibu siku ya pili au ya tatu, si siku ileile. Ndiyo maana haraka huharibu kila kitu. Siku saba zikiwa shwari, kiini kimerudi. Kikileta shida, kitoe, ngoja mpaka utulie, ndipo ujaribu kingine.

Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi kwa chakula fulani asikijaribu nyumbani kamwe. Hiyo ni mzio, ni jambo jingine, na inaua.

Mpangilio niliofuata, ambao nimeugeuza kidogo kufuata chakula chetu: kiini cha yai, kisha pilipili manga na iliki, bizari nyembamba na giligilani, samli, kunde na choroko zilizolowekwa usiku kucha, korosho, yai zima, wali, karanga, mtindi, kahawa, ugali, halafu viazi mviringo vilivyomenywa, biringanya, nyanya, pilipili, na ngano mwisho kabisa. Wanaofuata AIP kwa ukali huuchelewesha wali. Mimi niliuwahisha kwa sababu ndio chakula nilichokuwa nakikosa na familia yangu, na kujua mapema kwamba hauniumizi kulinipa moyo wa kuendelea.

Jibu moja halitoshi kukihukumu chakula. Mbaazi nilizihukumu vibaya: nilizijaribu wiki ambayo mtoto alikuwa na homa, silali, na dawa nilisahau siku moja. Asubuhi ya tatu mikono ikawa mizito nikaandika "mbaazi, hapana". Baada ya miezi miwili nilizirudia katika wiki tulivu, hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kila "hapana" irudie walau mara moja kabla ya kuiamini.

Orodha yangu leo, ambayo ni yangu na si yako: mayai, wali, kunde, mbaazi, karanga na mtindi vimerudi bila tabu. Ugali wa sembe naula mara mbili kwa wiki. Ngano kidogo haina neno; chapati tatu kwa mkupuo zinanifunga tumbo. Nyanya nimeijaribu mara tatu, na mara zote tatu ukakamavu wa asubuhi umeruka kutoka dakika kumi na tano hadi karibu saa nzima, siku ya pili yake. Methotreksati nameza kila Jumamosi usiku, na kidonge changu cha asidi ya foliki siku aliyonipangia daktari.

Vilivyokataa virudie kila baada ya miezi sita, kwa utaratibu uleule wa nusu kijiko. Mwili hubadilika, na dawa zikishika ugonjwa vizuri, kilichokuwa kinauma mwaka jana huenda mwaka huu kikapita. Nyanya zamu yake ni mwezi wa sita. Safari hii nitaimenya ganda na kuitoa mbegu kabla ya kuipika, na ukurasa wake kwenye daftari nimeshauchora.